Kwa nini MRI irudiwe baada ya mionzi

Dada, pole na mgonjwa. Umeuliza kwa nini kaka yako arudishwe hospitalini Upper Hill, Nairobi, kwa MRI nyingine (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) (bei yake inauma, najua) wakati ya kwanza tayari imeonyesha uvimbe wa ubongo unang'aa zaidi baada ya tiba ya mionzi.

Kung'aa peke yake hakutoshi. Uvimbe kama glioblastoma (aina ya saratani ya ubongo) hutoa protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo huwa hovyo: imepindapinda na inavuja. Gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha anayodungwa mgonjwa mkononi, ikivuja pale, picha inang'aa. Shida ni kwamba mionzi nayo huharibu mishipa ikavuja vilevile, hasa miezi 3 ya kwanza.

Hii MRI ya pili hupiga picha mfululizo, sekunde kwa sekunde, dawa ikipita kichwani, kisha kompyuta hukadiria wingi wa damu. Ikiwa nyingi, daktari atashuku uvimbe unakua. Ikiwa kidogo, huenda ni athari ya mionzi tu. Wakati mwingine bado hulazimu kukata kipande cha uvimbe kikapimwe maabara.

Mwambie kaka yako ataje mapema kama ana shida ya figo au chuma chochote mwilini.