Anti, nisomee nini tena? Maswali ya maafisa ustawi wa wodi za saratani

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Mbeya, nina digrii, mwaka juzi nikahamishiwa upande wa wagonjwa wa saratani, mafunzo sikupewa, nilionyeshwa tu ofisi. Chuoni saratani tuliigusa juu juu. Sasa kila nikifungua status naona wenzangu na cheti kipya, na kuna rafiki kanitumia linki ya cheti cha Marekani kinaitwa OSW-C, eti ndio cha watu wa ustawi kwenye saratani. Semina zikija wanaenda madaktari na manesi, sisi tunaambiwa mtapewa mrejesho na huo mrejesho hatujawahi kuuona. Nianzie wapi, na hicho cheti nikitafutie hela? – Afisa wa Mwanjelwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tumalizane na hicho cheti kwanza. OSW-C ni cha kweli sio cha matapeli, ila kimetengenezwa kwa mazingira ya kule, anapewa mtu mwenye uzamili wa ustawi wa jamii na uzoefu wa kazi kwenye saratani, na akishakipata lazima aendelee kusoma ndio kihuishwe. Kule hata leseni ya kawaida ya kazi inadai saa za mafunzo, kila jimbo na hesabu zake, na chama chao cha watu wa ustawi kwenye saratani, AOSW, kipo tangu 1984, kwa hiyo mtu akiwa na cheti kile mwajiri anaelewa anaangalia nini. Wewe una digrii ya kwanza na uko Mbeya. Hiyo hela kaa nayo.

Sasa kusoma. Mi nakushauri usianze na orodha ya kozi, anza na yale yanayokushinda wodini. Chukua daftari, wiki mbili tatu hivi andika kila swali ambalo mgonjwa au ndugu kakuuliza ukaishia kusema ngoja nikamuulize daktari. Naweza kubashiri litajaa nini.

La kwanza ni matibabu yenyewe. Mama wa Kyela ana saratani ya shingo ya kizazi kapewa rufaa ya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, wewe umemhangaikia mpaka nauli imepatikana, anafunga nguo za wiki moja anaondoka. Mionzi ya nje kwa ugonjwa huo mara nyingi ni vipindi kama 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo wiki 5 hivi, bado kuna mionzi ya ndani, bado siku za vipimo na foleni. Nani anabaki na watoto, mpunga nani atavuna, atalala wapi Dar muda wote huo na nauli ya kurudi iko wapi? Hizo ni kazi zako na huwezi kuzipanga kama kalenda ya mionzi huijui, matokeo yake anakatisha dozi katikati anarudi nyumbani na huku watu wanasema hospitali imemshindwa. Na kemo, zile dawa kali za saratani, hivyohivyo, inakuja kwa mizunguko, nyingi ni kila wiki 3, mgonjwa wa Chunya lazima ajue hilo kabla hajauza ng'ombe wa pekee akamaliza hela kwenye mzunguko wa kwanza. Haya mambo hayahitaji cheti, yanahitaji umuombe nesi wa kemo akukalishe nusu saa akueleze, ukirudi na daftari lako mara ya pili atakufurahia maana wanaouliza ni wachache.

La pili ni ndugu wanaokuvuta pembeni, afisa tunakuomba mzee asiambiwe. Hapa ndio kozi inasaidia kweli, maana kipaji na upole peke yake havitoshi. Kuna utaratibu wa hatua 6 wa kumpa mtu habari mbaya unaitwa SPIKES, ulichapishwa mwaka 2000, madaktari wengi wanafundishwa. Hatua ninayoipenda ni ile ya kuuliza kwanza mgonjwa mwenyewe anajua nini na anataka kujua kiasi gani, maana mara nyingi mzee alishajua siku nyingi na yeye ndiye anawaficha watoto. Kutoa majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa ni kazi ya daktari sio yako, lakini kukaa na familia kabla na baada ni yako kabisa, na lazima uijue hiyo njia ili ujue daktari kaishia wapi.

La tatu maumivu. Morfini ya maji bado watu wanaiogopa, wanaona ni dawa ya kummalizia mtu, na mgonjwa anaumia huku chupa iko kabatini. Jifunze kwa wafamasia na manesi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, jinsi ya kulijibu hilo kwa lugha ya kijijini. Na wakati uko hapo hapo tafuta dodoso la APCA la kupima hali ya mgonjwa na ndugu zake, linaitwa African POS, hawa APCA ni chama cha huduma shufaa cha Afrika, makao yao Kampala. Ni maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya ndugu anayemuuguza, kila jibu ni kuanzia 0 mpaka 5, na mtu asiyejua kusoma anakuonyesha kwa vidole vya mkono. Bibi wa Kisafwa ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni atakujibu bila shida ukipata mtu wa kutafsiri, ila usimtumie mjukuu wa miaka 12, tafadhali.

Ukishajua mapengo yako ndio utafute kozi. Ecancer, tovuti ya mafunzo ya saratani, wana kozi ya bure mtandaoni ya huduma shufaa kwa watoa huduma wa Afrika, unasoma kwa muda wako, ni bando tu, ila iko kwa Kiingereza. Ukitaka ya kukaa darasani kabisa kuna chuo cha Hospice Africa Uganda pale Kampala. Kwa ajili ya daraja na mshahara, maana tusidanganyane nayo ni maendeleo, fikiria uzamili, Chuo Kikuu Huria wana ustawi wa jamii na kituo Mbeya kipo, hulazimiki kuacha kazi.

Kuhusu semina: kulalamika korido hakusaidii. Andika dokezo kwa mkuu wako uombe kada ya ustawi iingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka, taja ni mafunzo gani na yatapunguza tatizo gani (wagonjwa wanaokatisha matibabu, kwa mfano, na daftari lako hapo ni ushahidi). Ukijisomea mwenyewe iweke kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, usiache hewani.

SWALI: Kamwene anti. Niko Iringa. Nimesoma huduma shufaa, nimerudi na moto wote, lakini kazi yangu ni fomu za msamaha wa gharama za matibabu asubuhi mpaka jioni. Daktari akisema mpelekeni ustawi maana yake huyu hana hela basi. Kozi yote ile ya nini? – Mama Fomu

JIBU: Kamwene. Jina ulilojipa limenichekesha ila nakuelewa. Siku daktari akikuita wa fomu mwambie habari za Cicely Saunders wa Uingereza. Alikuwa nesi, mgongo ukamsumbua akaacha, akasomea ustawi wa jamii wa hospitali, kazi kama yako hiyo, baadaye ndio akawa daktari na 1967 akafungua St Christopher's kule London, ambako huduma shufaa ya sasa imeanzia. Yeye ndiye aliyesema maumivu ya mgonjwa yana pande nne, mwili, akili, jamii na roho, na kukosa hela ya matibabu kuko humo.

Kwa hiyo fomu usiichukie. Ile dodoso ya msamaha tayari inakuruhusu kuuliza nyumbani nani anafanya nini, sasa ongeza maswali yako mawili, usiku unalalaje, na kitu gani kinakuogopesha zaidi, dakika 5 tu umefanya tathmini bila kuomba kibali cha mtu. Halafu omba kikao kifupi cha kesi kila wiki, wewe, nesi, daktari mmoja, na mchungaji au shehe anayetembelea wodi. Mgonjwa mmoja au wawili tu mnajadili. Mimi hiki kikao nakihesabu ni mafunzo kuliko semina nyingi za hotelini. Ila kisihamie kwenye grupu la wasapu na majina ya wagonjwa, nimeona hiyo tabia na inanikera.

SWALI: Anti nimeanza kuwaota wagonjwa waliofariki, mume wangu anasema niache hii kazi. Yapo mafunzo ya kujifunza kutojali? – Njombe

JIBU: Hayapo mdogo wangu, na yakija usiyasome. Unachokosa ni msimamizi wa kitaaluma, mtu mzoefu wa fani yako unayemweleza kesi zinazokulemea, hata kwa simu mara moja kwa mwezi, na asiwe bosi anayekujazia tathmini. Kama usingizi umekata wiki kadhaa sasa muone mtu wa afya ya akili, wewe unawapeleka wenzako kila siku. Na barua yako haijasema kama umechukua likizo ya mwaka huu. Jaza fomu wiki hii.