Kabla Hujahama Kampuni, Pima Mtandao Ndani ya Nyumba Yako

Juzi dada mmoja wa Makorora aliniandikia, amechoka kabisa. Anafundisha hesabu kwa video, kila siku picha inaganda katikati ya kipindi, na kampuni yake inamshauri apandishe kifurushi. Anauliza: apandishe, ahame kampuni, au anunue kile kifaa cha kuongeza mawimbi? Namjibu hapa, kwa sababu najua wengi wenu mnataka kitu kilekile: kula jasho lenu mkiwa hapahapa Tanga, bila kukimbilia Dar.

Mimi nafundisha Kiswahili wageni walioko Ulaya. Kwetu ni Ngamiani, nyumba ya kizamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, ilikaa sebuleni, nyuma ya televisheni, ubavuni mwa friji. Chumba changu ni cha mwisho kabla ya uani. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa kudumu, Mjerumani, alinivumilia kwa muda, kisha akaandika kwa adabu kwamba amepata mwalimu mwingine. Sikumwambia mtu nyumbani. Mpaka leo nikikumbuka ujumbe ule moyo unaniuma, maana hakuondoka kwa sababu sijui kufundisha.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Zima, washa. Nikazima, nikawasha. Baadaye akaja fundi, asubuhi, akasimama kando ya ruta na simu yake mkononi, akapima kasi, akanionyesha: "Dada, mbona mtandao uko vizuri? Labda hali ya hewa tu." Mimi nafundisha jioni, chumba cha nyuma. Mlango wa chumba hicho hakuufikia. Alipoondoka nikasema basi, wa kunipimia mtandao wangu ni mimi mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba waifai na intaneti ni vitu viwili. Waifai ni njia ya kutoka kwenye simu au laptopu yako mpaka kwenye ruta. Intaneti ni njia ya kutoka kwenye ruta kwenda nje. Yoyote ikiharibika, wewe unachokiona ni kilekile, kiduara kinazunguka. Ndiyo maana watu wanapandisha vifurushi na hali inabaki vilevile.

Kuzitenganisha hakuhitaji hela. Kwenye laptopu ya Windows fungua ile programu nyeusi ya amri (Command Prompt), andika ping 192.168.1.1 -t. Hiyo kwa ruta nyingi ndiyo anwani yake. Kama yako ni tofauti, imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t. Acha vyote viende wakati unafanya kazi. La kwanza linaiuliza ruta, la pili linauliza mbali huko nje. Majibu ya nje yakipotea na ya ruta yakaendelea, tatizo liko nje ya nyumba. Majibu ya ruta yenyewe yakikosekana au yakichelewa sana, tatizo liko ndani. Kisha chomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu, pima tena. Mjomba hakufurahi kuona waya umelala ukumbini kama kamba ya kuanikia nguo, lakini niliuacha.

Waya ule ndio ulionifungua macho. Kwa waifai majibu ya ruta yalikuwa yanapotea ovyo. Kwa waya yakanyooka, ila mara mojamoja madirisha yote mawili yalikufa kwa pamoja kwa dakika nzima. Nilikimbilia sebuleni nikakuta taa za ruta zimezimika zote, zinaanza kuwaka moja moja. Ruta ilikuwa inajizima! Nikaichomoa adapta: ya moto, na kichwa chake kina kutu ya kijani, kutu hii ya hewa ya bahari tunayoijua sote. Ruta imeandikwa 12V 1.5A. Adapta imeandikwa 12V 1A. Waliileta hivyo wenyewe walipokuja kufunga. Jioni, vifaa vingi vikiunganishwa, ruta inahitaji umeme zaidi, adapta inashindwa. Na fundi alipima asubuhi.

Nilinunua adapta nyingine sokoni: volti zilezile, ampea zisizopungua zilizoandikwa. Volti usizibadilishe, utaiunguza ruta.

Upande wa waifai, nilihamisha ruta. Chuma cha friji na televisheni vinazuia mawimbi, na kuta nene za nyumba zetu za zamani zinayanyonya. Iko ukumbini sasa, juu, mahali pa wazi. Pia nilibadilisha chaneli, yaani njia ndogo ambayo ruta inarushia mawimbi yake ndani ya masafa. Ngamiani nyumba zimebanana, kila nyumba ina ruta, nyingi ziko kwenye masafa ya 2.4 GHz zinagombana. Huko chagua 1, 6 au 11 tu, ile yenye majirani wachache; hizo tatu haziingiliani, ukikaa kwenye 3 unasumbuana na wa 1 na wa 6. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini ukuta unayashinda haraka, kwa hiyo yatumie ukiwa karibu na ruta.

Leo nina darasa kila jioni, na nasema kwa fahari kwamba halikatiki. Na ndugu zangu, acheni kukubali neno "hali ya hewa" bila kipimo. Andikeni saa, andikeni majibu yalipopotea, pigeni picha ya skrini. Mteja mwenye picha anasikilizwa tofauti na mteja mwenye malalamiko. Kipimo hichohicho kitakuzuia usilaumu pasipostahili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilipokatika, jirani yangu aliirudisha ruta yake mwanzo kabisa akapoteza mipangilio yote. Mimi niliona ruta inajibu vizuri na nje kumekufa, nikawaandikia wanafunzi kwa bando la simu nilipopata upenyo, nikaahirisha.

Sasa dada wa Makorora. Usipandishe kifurushi, usihame, mpaka upime kwa waya jioni moja, saa zilezile za kipindi chako. Kama kwa waya nako majibu ya nje yanapotea siku baada ya siku huku ruta inajibu, hapo hama, na mimi nitakuunga mkono. Kile kifaa cha kuongeza mawimbi kinafaa kama tatizo ni umbali tu. Ukikiweka chumbani ambako mawimbi tayari ni mabovu, kitarudia ubovu uleule; kiweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inashika vizuri. Na kabla ya yote hayo, pindua ruta yako usome kibandiko, kisha usome adapta.