Soketi za jikoni: yale niliyojifunza kwenye friji lililokuwa linachapa

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa amefunga kitambaa kwenye mkono wa friji lake. Ndala zilikuwa zimepangwa mlangoni mwa jiko na kila mtoto wa nyumba ile alijua haingii humo peku. "Fundi, linachapa umeme," aliniambia. "Wamepita wenzako wawili, wote wamesema ni unyevu tu, nivae ndala." Ninyi mnaoanza kazi ya umeme wa majumbani, nataka mwingie nami kwenye jiko lile, maana karibu makosa yote ya soketi za jikoni niliyakuta humo.

Nilianza kwa kufungua soketi ya friji. Waya wa kijani na njano, yaani wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umefungwa vizuri mahali pake. Nikaufuata hadi kwenye DB, lile sanduku la breka, upo. Nikaufuata hadi uani, nyuma ya karo la kufulia, na huko nikakuta umezungushiwa kipande cha nondo ya ujenzi kilicholiwa na kutu. Ukikitikisa kwa vidole kinacheza kama jino bovu. Nikarudi kwenye DB. RCCB, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ilikuwepo, imeandikwa miliampea 30, lakini nilipoondoa kifuniko niliona vipande viwili vya waya vimetoka tundu za juu vikaingia tundu za chini, kimoja cha laivu, waya unaoleta umeme, na kingine cha nyutro, waya unaourudisha. Imepigwa jampa. Umeme wote wa soketi ulikuwa unapita pembeni yake.

Kijana anayeanza huniuliza: breka zilikuwepo, mbona hazikukata? Piga hesabu. Nyumba nyingi tunazofanyia kazi, ethi ni rodi iliyochimbiwa uani. Chukua rodi nzuri kabisa, ukipima unapata omu 20. Laivu ikigusa bodi ya friji, volti 230 gawanya kwa 20 unapata ampea 11.5. Breka ya soketi ni ya ampea 20 au 32. Kwake hiyo ampea 11.5 ni mzigo wa kawaida, kama mtu kachemsha maji kwenye birika la umeme. Haikati leo wala kesho, na bodi ya friji inabaki na moto, yaani umeme, ikimsubiri mtu mwenye mikono yenye maji. Hiyo ni kwa rodi nzuri. Kwa nondo yenye kutu kwenye mchanga mkavu wa kiangazi, hata ampea moja huenda isipite.

RCCB haiangalii ukubwa wa mzigo. Inapima umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, na vikitofautiana inajua kuna umeme uliopata njia nyingine: ethi, ukuta wenye maji, au mwili wa mtu. Ya miliampea 30 inatakiwa kukata tofauti ikifika hapo, ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde, na hitilafu ikiwa kubwa zaidi inakata haraka zaidi. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa kubahatisha. Kuanzia kama miliampea 10 misuli ya mkono huweza kujifunga mtu akashindwa kuachia alichoshika, na zaidi ya 30 zikidumu mwilini, moyo uko hatarini. Dukani utakuta pia za miliampea 100 na 300. Hizo husaidia kuzuia nyumba kuungua. Mtu wa jikoni haziwezi kumlinda. Soma maandishi ya usoni kabla hujalipa. Angalia pia alama ya aina: maikrowevu, majiko ya induksheni na mafriji ya inveta huweza kuvujisha umeme ambao RCCB ya aina AC haiusomi sawasawa, kwa hiyo jikoni mimi hufunga aina A.

Na RCCB haiondoi breka. Yenyewe haijui mzigo kuzidi wala shoti ya laivu na nyutro. Ukitaka vyote viwili kwenye kifaa kimoja, nunua RCBO, moja kwa kila sakiti. Ni ghali zaidi, lakini friji likipata sakiti yake na RCBO yake, blenda mbovu haiwezi kuozesha samaki wa watu usiku kucha. Mteja akiwa na uwezo, mshauri hivyo.

Sasa, kwa nini fundi yule alipiga jampa? Nilimwuliza mama. Akasema kifaa kile kilikuwa kinakata kila jioni, saa moja moja hivi, fundi akaja akasema ni kibovu, "akakirekebisha". Saa moja jioni! Jibu lilikuwa kwenye maneno hayo. Nikatoa jampa, nikawasha RCCB friji likiwa limechomolewa, ikakaa. Nikawasha taa iliyo juu ya sinki. Ikakata palepale.

Taa ile ilikuwa inachukua laivu kutoka breka ya taa, ambayo haikupita kwenye RCCB, halafu nyutro ikaazimwa kwenye boksi la soketi ya karibu, kwa sababu ilikuwa jirani na fundi hakutaka kuvuta waya mwingine. Umeme unakwenda njia moja na kurudi njia nyingine. Ilikuwa taa ndogo ya wati 9. Gawanya kwa 230, unapata miliampea 39. Inatosha kuikatisha RCCB nzima. Kifaa hakikuwa kibovu hata siku moja. Kilikuwa kinasema ukweli kila jioni na hakuna aliyekisikiliza.

Kwa hiyo shikeni hili la nyutro kuliko yote niliyoyaandika. Nyutro za sakiti zilizo chini ya RCCB zinakaa kwenye baa yao, kile kipande cha chuma cha kufungia waya ndani ya DB, zile zisizo chini yake zinakaa kwenye baa nyingine, na hazikutani popote, iwe darini au ndani ya boksi. Hitilafu nyingine inayowatesa wengi ni nyutro kugusana na ethi, mara nyingi waya umebanwa na skrubu ya soketi au umechubuka kwenye kona ya boksi la chuma. Utazima breka moja baada ya nyingine ukitafuta sakiti yenye tatizo, na RCCB itaendelea kukata, utahisi umerogwa. Breka za kawaida zinakata laivu tu. Nyutro bado imeungwa na hitilafu bado ipo. Zima meni switchi, pima uhakikishe hakuna moto, chomoa plagi zote, toa nyutro zote kwenye baa, kisha pima kila moja dhidi ya ethi kwa mega, kipimo cha kuona kama waya unavujisha umeme, ya volti 500. Iliyo salama itakupa zaidi ya megaomu moja, kwa kawaida zaidi sana. Iliyogusana itajionyesha.

Kuhusu kitufe cha Test. Kinathibitisha kwamba kifaa chenyewe kinakata, basi. Kinatumia rezista iliyo ndani yake, wala hakihitaji ethi. Kwenye nyumba ile yenye nondo ya kutu, kitufe kingefanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo usimkabidhi mteja kazi kwa kubonyeza kitufe. Nenda na kipimo cha RCD, jina la jumla la vifaa kama RCCB na RCBO, kwenye kila soketi ya jiko, moja moja, uone inakata na kwa muda gani. Huna, azima kwa aliyekutangulia. Nimeona vijana wanaunga balbu kati ya laivu na ethi ili "kujaribu". Msifanye hivyo. Ethi ikiwa imekatika mahali na RCCB isipokata, moto utapita kwenye balbu ile na kuingia kwenye bodi ya kila kifaa kilichochomekwa nyumbani, na pengine mtoto ameshika mlango wa friji wakati huo huo.

Mengine ni mepesi. Soketi ikae angalau sentimita 30 pembeni mwa sinki na kama 15 juu ya kaunta, isiwe nyuma ya jiko la gesi mtu akanyoosha mkono juu ya moto. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa breka ya ampea 20. Jiko la umeme lipate sakiti yake yenye waya mnene, milimita za mraba 6 kwenda juu. Rodi iwe ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, na klampu yake halisi. Soketi za Kimarekani zenye kitufe katikati, ambazo ndugu huletewa kwenye mabegi, ni za volti 120, hazifai kwa umeme wetu. Na kama huna bado leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, fanya chini ya mwenye nayo.

Tabata nilichimbia rodi mpya, nikavuta nyutro ya taa hadi kwenye baa yake, nikapima kila soketi. Kisha nikachomeka friji. RCCB ikakata. Mama akanitazama kwa uchungu: "Fundi, si lilikuwa linafanya kazi? Umeniulia friji."

Mtakutana na neno hilo, na ndipo jampa nyingi huzaliwa, kwa sababu unataka kulipwa na mteja amekasirika. Sikumjibu kwa maneno ya ufundi. Nilimwambia, "Mama, umeme uliokuwa unakuchapa mkononi, sasa kifaa hiki ndicho kinaupokea kabla yako." Nikampa namba ya fundi wa mafriji. Alikuta waya wa kompresa umechubuka na kugusa bodi. Niliporudi wiki iliyofuata, friji lilikuwa linanguruma na RCCB imekaa. Nikampeleka mama hadi kwenye DB, nikamwonyesha kitufe, nikamwomba akibonyeze mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Alikibonyeza, friji likazima, akashtuka, akairudisha RCCB. Kisha akaenda jikoni na kufungua kile kitambaa.