Ebola ikifika kusini: jibu langu kwa mleta mada, kutoka Ruangwa

Mleta mada ameuliza swali ambalo nimelibeba tangu 2022: Ebola ikifika huku kwetu Lindi na Mtwara, sisi wa vijijini tufanye nini, au tukae tusubiri Serikali na mashirika yaje na mahema ya matibabu? Wengi waliotangulia kuchangia wamesema tusubiri wataalamu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Ruangwa, kazi hii naifanya tangu 2016, na naomba nipinge kwa heshima zote. Ugonjwa huu hausubiri mahema. Unaanza chumbani, kwa mama anayemfuta mwanawe matapishi kwa ncha ya kanga, na unaendelea pale maiti inapooshwa. Gari la kwanza la wataalamu linapoonekana barabarani, kazi kubwa ama imeshafanyika au imeshaharibika, na mikono iliyoifanya ni yetu sisi.

Waliokuwa Lindi Julai 2022 wanakumbuka. Watu waliugua homa, kichwa, mwili kuchoka, na damu kutoka puani. Taarifa za mwanzo zilitoka Mbekenyera, humu humu Ruangwa. Kabla maabara haijasema neno, mtaani jina lilishapatikana: Ebola. Wengine wakasema Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola. Wizara ilituma timu, sampuli zikapimwa, ikaonekana si Ebola, si Marburg, si Uviko. Tarehe 18 Julai Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kuwa ni leptospirosisi, ikaitwa Homa ya Mgunda, mgunda ni shamba. Wagonjwa walikuwa 20, waliofariki 3. Ni bakteria wa kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na antibaiotiki zinamtibu. Tukapumua.

Ila zile siku za kabla ya tarehe 18 mimi sijazisahau, kwa sababu ndizo zilizonionyesha kijiji chetu kingekuwaje kama ingekuwa Ebola kweli.

Kijana mmoja kitongojini kwetu alishikwa na homa, siku ya tatu damu ikamtoka puani. Mama yake alinigongea usiku. Nikampigia kiongozi mmoja, akaniambia nitulie kwanza, nisije nikazua taharuki. Nikatulia. Hilo linaniuma mpaka leo, maana namba 199 ya Wizara ninayo, ni bure, na nilikuwa na salio la moyo la kupiga, nikaacha kwa kumwogopa mtu. Asubuhi dereva wa bodaboda tuliyemwita alipomwona mgonjwa ana kitambaa chenye damu, akageuza pikipiki. Halafu ikabidi mjomba asubiriwe. Wa kusini mnaelewa: kwetu Wamwera, kama walivyo Wamakonde, Wayao na Wamakua, mtoto ana mjomba, na jambo zito haliamuliwi mjomba hajasema. Mjomba alikuwa Nachingwea. Alifika jua linazama.

Muda wote huo watu wanaingia kumjulia hali. Baadaye, mgonjwa ameshapelekwa, nilikaa na mama yake kwenye mkeka tukahesabu kwa vidole walioingia chumbani mle, wakamshika mkono, wakamfuta jasho. Tulifika 17, na wanatoka vijiji vitatu. Kijana alipimwa, hakuwa na Ebola, akatibiwa na akapona. Lakini kwa Ebola hao 17 ndio orodha ya watu wa kufuatiliwa kwa siku 21, kila siku, asubuhi na jioni, joto la mwili na dalili. Na hakuna mtaalamu wa kutoka nje ambaye angeweza kuiandika orodha ile. Aliyeijua ni mama mtu.

Wiki ile ile akafariki mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiugua kwa muda mrefu, ugonjwa wake unajulikana. Hofu haikuuliza hilo. Kati ya wanawake wanne wanaoosha maiti kitongojini, watatu hawakutokea. Alikuja bibi mmoja tu, na ndoo yake, kafuri kwenye kikaratasi, na kipande cha sanda. Mimi nilikuwa na jozi mbili tu za glavu. Nikamwambia, "Bibi, tungesubiri kwanza wa zahanati." Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, mwosha huoshwa. Leo nikimkimbia huyu, mimi ataniosha nani?" Sikuwa na jibu. Akavaa glavu, mimi nikawa namimina maji. Katikati ya kazi niliona pete yake ya fedha imeipasua glavu kwenye kidole, mpasuko wa kama ukucha, maji yanaingia na kutoka. Hakusimama. Alimaliza, akamfunga sanda, akamwombea.

Yule marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Ebola ndio wenye virusi vingi kuliko wakati wowote wa ugonjwa wake, na mpasuko ule wa ukucha ungetosha. Mwaka 2014, huko Kailahun nchini Sierra Leone, alifariki mganga wa kienyeji mwenye jina kubwa, akaoshwa na kuzikwa kwa heshima zote, na mamia ya vifo vilikuja kuhusishwa na mazishi yale. Waliokufa walikuwa watu wema waliokwenda kumsitiri mwenzao. Ndiyo maana nakereka nikisoma wanaoandika humu kwamba watu wanakufa kwa ujinga wa mila. Bibi yule si mjinga. Alikuwa mtu pekee jasiri siku ile, na hakuna aliyemwandaa.

Sasa nije kwenye hoja ya mahema. Liberia, Agosti 2014, serikali iliuzungushia mtaa wa West Point pale Monrovia askari ili watu wasitoke. Zikazuka vurugu, kijana akapigwa risasi akafa, na baada ya siku kama 10 zuio likaondolewa. Kilichosaidia zaidi ni mitaa yenyewe kujipanga, kupita nyumba kwa nyumba, kuwataja wagonjwa na kuwalisha waliozuiliwa ndani. Marekani ilijenga vituo 11 vya matibabu nchini humo. Vilipokamilika maambukizi yalishashuka, na vituo 9 kati ya hivyo havikulaza mgonjwa hata mmoja wa Ebola. Simaanishi msaada haufai. Madaktari, maabara, mavazi ya kujikinga, vyote hivyo sisi hatuna na tutavihitaji. Nasema tu vina muda wake wa kufika, na muda huo tutakuwa peke yetu.

Na vikifika bila watu kuviamini, hali inakuwa mbaya zaidi. Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470 na waliofariki 2,287. Chanjo walikuwa nayo, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Lakini Desemba 2018 wapiga kura wa Beni na Butembo waliambiwa uchaguzi kwao umeahirishwa kwa sababu ya Ebola, wakati karibu nchi nzima inapiga kura. Mtu aliyeona vita miaka yote bila kuletewa mlinzi, ghafla analetewa magari meupe kwa ugonjwa mmoja, na kura ananyimwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Ukisikia hivyo usiseme Wakongo wakorofi. Jiulize sisi tungefanyaje.

Hatuko mbali na hilo. Ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya mara moja wahudumu waliopeleka klorini wakati wa kipindupindu walivamiwa wakidhaniwa wanaueneza. Kwa Kireno klorini ni cloro na kipindupindu ni cólera, masikioni yanakaribiana. Huku kwetu habari za mumiani, wanyonya damu za watu, bado zipo, na mtu aliyevaa suti nyeupe mwili mzima, uso hauonekani, akambeba mwanao ndani ya mfuko usimwone tena, huyo ni mumiani mtupu. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba timu ikija, mtu wa kwanza kuingia kwenye nyumba awe anayejulikana kwa jina, na mavazi yavaliwe uani, familia ikiona ndani ya suti kuna nani.

Nimesema tulikubaliana, nieleze. Baada ya Homa ya Mgunda, na hasa baada ya Marburg kuua watu 6 kati ya 9 Bukoba Vijijini mwaka 2023, nilimwomba mwenyekiti wa kijiji tukae kikao. Sikuanza na viongozi. Nilianza na bibi yule na wenzake, sheikh wa msikiti wetu, makungwi na manyakanga wa jando na unyago, mganga wa tiba asili mwenye wateja wengi, na vijana wa bodaboda. Watani nao tuliwaita, maana msiba wa kwetu mtani ndiye anayeweza kumwambia mfiwa neno gumu na lisichukiwe.

Jambo lililotuchukua saa nzima ni kuosha. Sheikh alieleza kwamba maji yakiwa na madhara dini imetoa njia ya kutayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, na kwamba sala ya jeneza inasaliwa hata watu wakisimama mbali. Mimi nikaongeza ninachokijua: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa maziko salama na yenye heshima, uliotolewa 2014, unaruhusu kwa Muislamu kutayamamishwa juu ya mfuko na kuwekewa sanda na waliofunzwa, familia ichimbe kaburi, ichague mahali, imwombee. Bibi alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: atakayemtayamamisha mwanamke atakuwa mwanamke? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anagombania maji. Alikuwa anagombania stara. Sasa wapo wanawake wawili walioko tayari kufundishwa kuvaa na kuvua yale mavazi siku yakija, naye ndiye aliyewateua.

Kuhusu mjomba, tuliafikiana kwamba idhini yake inapokelewa kwa simu, na mama mtu akisema mgonjwa aende, anakwenda, mjomba atamkuta huko. Mganga wa tiba asili alikubali asichanje chale mtu yeyote mwenye homa kali, amlete kwangu. Bodaboda hawakukubali kubeba, na mimi sikuwalazimisha, kwa sababu wako sahihi: mgonjwa anayetapika hapakatwi. Wao kazi yao ni kupeleka taarifa mahali mtandao haukamati, na maeneo hayo kwetu ni mengi.

Dalili nazo tulizisema upya, maana redio imetuzoesha damu. Ndugu zangu, msisubiri damu. Wagonjwa wengi wa Ebola hawatoki damu inayoonekana kabisa. Inaanza kama malaria: homa, uchovu, viungo, kichwa, koo. Halafu kuhara na kutapika, na hapo ndipo anapoambukiza sana anayemhudumia. Kabla dalili hazijaanza mtu haambukizi, na kati ya kuambukizwa na kuugua ni siku 2 hadi 21. Piga hesabu: mtu anatoka Kagera, analala Dar, anafika Masasi kununua korosho msimu wa Oktoba, bado ni mzima kabisa. Anakuja kuugua akiwa gesti. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa wa homa ni "umetoka wapi wiki tatu hizi, na umemzika nani?"

Akiugua, mpe chumba chake, mtu mmoja tu amhudumie, vyombo na kitanda chake visiguswe na wengine, piga simu. Klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo 9 vya maji, ni ya sakafu, ndoo na matapishi. Usinawie hiyo. Ya mikono ni kipimo kimoja kwa 99, au sabuni na maji yanayotiririka, inatosha. Ichanganywe upya kila siku.

Aliyeuliza kuhusu chanjo: ipo, inaitwa Ervebo, lakini ni ya Ebola ya aina ya Zaire. Uganda 2022 waliugua aina ya Sudan, chanjo ile haikuwafaa. Marburg pia haikingwi nayo. Msije mkalala mkidhani sindano itatuokoa.

Kwetu bado kuna mapengo. Wakati wa masika barabara inakatika na gari la wagonjwa haliingii, hilo hatujalipatia ufumbuzi. Glavu nilizonazo leo ni jozi 11. Na chakula cha familia itakayozuiliwa siku 21 bado kinajadiliwa. Mwenyekiti anataka kila kaya itoe kilo moja ya mahindi ikae ghala la kijiji, wengine wanasema tungoje ugonjwa kwanza. Mimi niko upande wa mwenyekiti.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Kama uko Tandahimba, Newala, Liwale, popote, mpelekee mtendaji barua ajenda iingie, halafu kabla ya mkutano nenda ukakae na wanaoosha maiti. Nendeni na kahawa, msiende na karatasi. Na muwaambie wavue pete.