Kumchonga Medicine Crow kwenye yai la emu

Mnaoanza kuchonga maganda ya mayai huniuliza kwanza habari za mashine. Hilo ni jambo dogo. Tafuteni ile inayozunguka kwa nguvu ya hewa, ndugu yake ile ya daktari wa meno, kwa sababu haitetemeki mkononi. Za umeme za bei nafuu hutetemeka, na ganda likitikiswa hupata ufa ambao hutauona mpaka kesho yake. Vaa barakoa, maana vumbi lake ni chokaa tupu. Yai likishatobolewa na kupulizwa, lilaze kwenye maji yenye jiki utando wa ndani utoke. Ukibaki, utasikia harufu yake kila unapochonga. Basi, ya mashine yameisha.

Kazi yenyewe ni sura ya mtu. Yai la mbuni lina ganda nene, kama milimita 2, ila ni jeupe nje mpaka ndani. Ganda la emu, yule ndege mkubwa wa Australia, ni jembamba zaidi lakini lina tabaka: juu kijani inayokaribia weusi, chini yake kijani ya bahari, mwisho nyeupe. Nywele unaziacha kwenye tabaka la juu, bila kulikwaruza. Uso unautafuta tabaka la kati, kwa kukwaruza kidogo kidogo. Nyeupe unaiwekea akiba.

Sasa Medicine Crow. Alikuwa chifu na mpiganaji wa Wakrow, wenyeji wa asili wa Marekani wanaojiita Apsáalooke, huku jimbo la Montana. Mwaka 1880 alikwenda Washington na machifu wenzake, akapigwa picha na Charles Milton Bell. Yai langu la kwanza nililiharibu bila hata kulivunja: nilimvika taji kubwa la manyoya ya tai, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuona kwenye sinema. Mama mmoja Mkrow akaligeuzageuza mkononi, akaniuliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

Kwenye picha ile hana taji. Nywele za mbele zimesimamishwa juu ya paji la uso, mtindo wa wanaume wa Kikrow, na shati lina vipande vya ngozi nyeupe ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Si urembo tu. Ngozi hizo zilikuwa haki ya aliyemnyang'anya adui bunduki, moja ya mambo manne yaliyomfanya mtu awe chifu wa vita. Mengine ni kumgusa adui, kuiba farasi wake, na kuongoza kikosi kikafanikiwa. (Mjukuu wake, Joe Medicine Crow, aliyatimiza yote manne Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, farasi aliwaiba kwa maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi.)

Vipande hivyo ndivyo vinavyotaka ile nyeupe ya akiba, na kuifikia ni kuchimba mpaka ganda liwe kama karatasi. Vihesabu kwenye picha kabla ya kuwasha mashine, uvichore kwa penseli. Usiongeze hata kimoja eti upande mmoja umebaki mtupu. Ingiza taa ndogo kwenye tundu la chini: panapong'aa sana, acha hapo hapo. Mimi huvifanya mwisho, asubuhi, kabla ya kahawa.

Yai la tatu lilipasuka nikiwa kwenye kipande cha mwisho. La nne liko kwa yule mama.