Ua wa bustani huanza chini: majibu kwa wakulima wa Malindi na Lamu

Kaskazi ikishakausha majani msituni, maswali ninayoletewa huwa ya namna moja: mboga zimeliwa usiku. Leo nimeyaweka pamoja yale yanayohusu ua, maana inaniuma kuona watu wakimaliza pesa kuinua ua juu, na mnyama anayewalia mboga anapita chini.

Shikamoo mwalimu. Shamba langu liko upande wa Gede, karibu na msitu. Nimezungusha makuti, kimo futi nne, lakini kila nikiamka kunde zimeliwa. Ni mnyama gani huyu anayeruka hivi?

Marahaba. Nadhani hajaruka. Kabla hujanunua hata msumari, amka alfajiri, kuku na watoto hawajakanyaga, uchuchumae penye mmea ulioliwa. Paa na jamaa zake, kama mbuzi, hawana meno ya mbele ya juu. Hubana jani na kulivuta, kwa hiyo kikonyo hubaki kimechanika, kina nyuzinyuzi. Sungura hukata mshazari, safi kama kwa kisu. Nguruwe mwitu hufukua ardhi yenyewe. Kisha tafuta kwato: za paa ni alama mbili zilizochongoka, ndogo kiasi kwamba kidole gumba kinakaribia kuzifunika.

Mimi nilikosea hapo hapo ulipo. Msimu wangu wa kwanza nilidhani ua ni mfupi, nikauongeza futi mbili. Kunde zikaendelea kuliwa. Siku moja nililala kifudifudi kando ya ua, ndipo nikaona. Mvua ya vuli ilikuwa imebeba mchanga chini ya makuti, pakabaki uwazi wa shubiri moja. Kwenye fito ya chini palinasa nywele fupi za rangi ya kahawia, na mchanga ulikuwa umesuguliwa laini kama kizingiti cha nyumba. Alikuwa akipita hapo kila usiku. Paa mdogo wa misitu yetu ana kilo tano au sita hivi, na kimo chake begani hakifiki nusu mita. Mnyama wa kiasi hicho maisha yake yote ni kupenya vichakani, na penye upenyo wa kichwa, mwili hutafuta namna.

Kwa hiyo makuti yako yaache, yanamzuia asione kilichomo ndani. Ongeza waya wa kuku upande wa nje, upana wa futi tatu. Futi mbili zisimame kwenye ua, futi moja iliyobaki uilaze chini kuelekea nje, uifukie kwa udongo wa vidole vinne na kuikandamiza kwa mawe. Akija kuchimba penye ua atakuta yuko juu ya waya. Baada ya kila mvua kubwa, zunguka ukikagua chini. Mchanga wetu unahama.

Ndugu yangu anaishi Marekani. Anasema huko ua wa kuzuia kulungu ni lazima ufike futi nane. Nasi tufanye hivyo?

Anasema kweli ya huko kwao. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe ni mnyama mkubwa, dume huweza kupita kilo 100, na akitaka huruka karibu futi nane. Kwetu hayupo. Hapa mwenye kuruka ni pongo, ambaye wengi humwita kulungu vilevile, mwenye mistari na madoa meupe ubavuni. Ukiona kwato kubwa kuliko za mbuzi mdogo, na majani ya mpapai yameliwa kwenye kimo cha kiuno chako, panda mpaka futi sita. Kama ni paa na digidigi tu, nne zinatosha, na pesa zilizobaki zipeleke chini.

Fundi ananiambia nguzo za mikoko hazina mpinzani. Jirani anasema mvinje ni rahisi. Nifuate lipi?

Wote wawili wana haki. Mkoko ni mti mgumu, na watu wa pwani wameupanga kwa unene tangu zamani: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa ua wa bustani hata huhitaji nguzo kamili. Boriti kwenye pembe na mlangoni, mazio katikati, fito za kulala, basi. Lakini mikoko haikatwi ovyo. Ni kwa kibali cha Huduma ya Misitu, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye karatasi zake, wala usimtume kijana na panga usiku kwenye mikoko ya hori ya Mida. Ule mkoko ndio malezi ya samaki unayemnunua sokoni.

Mvinje unalimwa kila pahali hapa Kilifi na bei yake inafikika. Adui yake ni mchwa. Ambua maganda yote, uuanike mpaka ukauke kweli, kisha choma ile sehemu itakayoingia ardhini, na shubiri moja juu yake, mpaka nje iwe mkaa. Hiyo hupunguza kasi ya mchwa, haimalizi, basi jiandae kubadilisha mti mmoja mmoja. Oili chafu ya gari sipendi kabisa karibu na mboga. Kinachopakwa kwenye nguzo hushuka na mvua, na mchicha unakunywa hapo hapo.

Shimo liwe futi mbili, uchimbe kwa mtaimbo ukifika kwenye jiwe la matumbawe. Shindilia kila unapojaza udongo wa kimo cha kiganja kimoja, usingoje shimo lijae.

Assalamu alaikum. Mie niko Lamu, Shela. Kwetu hakuna paa, ila punda na mbuzi wamenimalizia mchicha. Nimefikiria seng'enge.

Wa alaikum salaam. Tafadhali usiweke seng'enge. Punda haruki ua wako, anauegemea. Hujikuna, husukuma kwa kifua, na akisikia waya umemchoma hushtuka na kujirarua zaidi. Mjini Lamu kuna kliniki ya punda tangu 1987, lakini si sababu ya sisi kuwapelekea majeraha. Mnyama huyo ndiye anayekubebea mchanga na mawe ya nyumba.

Kwa punda unahitaji uzito: boriti kila hatua mbili, na mti mmoja wa kulala kwenye kimo cha kifua chake. Mbuzi ni habari nyingine, yeye hupanda. Asipate tofali, gogo wala ndoo iliyopinduliwa karibu na ua. Na kwa kuwa uko baharini, waya mwembamba hautadumu. Chumvi inayoletwa na upepo wa kusi ilinilia waya wangu ukawa unavunjika kama biskuti, nami niko mbali na bahari kuliko wewe. Kwako heri fito zilizosukwa karibu karibu. Bustani ikiwa ndogo na uwezo upo, jenga ukuta mfupi wa mawe na chokaa.

Je, mnyaa unafaa kuwa ua?

Unafaa, na mbuzi hauli. Unapanda vipande tu mwanzoni mwa masika, shubiri moja baina ya mmea na mmea. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Penye watoto wadogo mimi siupandi. Ukiukata, funika macho, na ukirukiwa na utomvu osha kwa maji mengi hapo hapo, kisha hospitali. Tena jua kwamba hukua wazi upande wa chini, kwa hiyo paa bado atapita usipoweka waya.

Tumbili je?

Hakuna ua wa tumbili. Chuma papai likianza kugeuka rangi, uliivishe ndani.

Jirani yangu ametega mitego ya waya kwenye ua, anasema paa ni kitoweo. Nimwambie nini?

Mwambie aitoe leo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa mwenye kutega. Zaidi ya hayo, mtego hauchagui. Katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Boni bado yupo paa nunga, ambaye ukitoka pwani yetu na Unguja ni shida kumkuta popote duniani. Nilishamkuta mbwa wa jirani ameshikwa mguu kwa mtego wa namna hiyo, waya umefika mfupani. Mwende pamoja, mzungushe waya wa kuku pande zote mbili kwa gharama ya kugawana. Akikataa, peleka habari kwenye afisi ya KWS, Huduma ya Wanyamapori, iliyo karibu.

Ua wangu umekamilika, chini nimefukia waya, na bado anaingia.

Angalia mlango. Karibu kila ua ninaoitwa kuutazama, mlango umening'inia, na chini yake mkono unapita. Zika ubao au jiwe refu liwe kizingiti, mlango ufunge ukiligusa. Bawaba iwe tatu badala ya mbili, maana mlango mzito hulegea na kuacha pembe. Halafu jioni, anayetoka mwisho na ndoo ya maji awe anajulikana kwa jina, ndiye wa kuufunga.