Muulize Fundi wa Maabara: kondensa zinapasuka, maji yana chumvi, tununue kioo gani?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi nafundisha kemia shule ya kata huku Singida, maji yetu ni ya kisima kirefu na yana chumvi, yaani nikipima kloraidi kwa silva naitreti kila kitu kinatoa mashapo meupe hata pale ambapo sampuli haina kloraidi yoyote. Nikasema basi tukeneke maji wenyewe, yaani tuyachemshe na kupoza mvuke urudi kuwa maji safi, lakini kondensa (bomba la kioo la kupoozea huo mvuke) mbili zimeshapasuka. Mkuu wa shule ameona za bei ya chini zimeandikwa Pyrex, afu kuna muuzaji anatusukumia seti kamili yenye viungio vya kioo vya kusagwa. Tuchukue ipi? (Mwalimu wa kemia, Singida)

JIBU: Mwalimu, wazo la kukeneka maji wenyewe usiliache kabisa. Kloraidi ya kisimani inakamatana na silva naitreti hata kabla sampuli haijafanya kazi yake, kwa hiyo mwanafunzi anaandika alichokiona kwa macho yake na bado anakosa. Inaniuma sana hii, mtoto kasoma vizuri anakuja kuangushwa na ndoo ya maji.

Sasa kioo. Jina lililochapwa pembeni lisikutoshe, unachotafuta ni borosiliketi 3.3, kioo kinachostahimili joto. Hiyo 3.3 ni namna kioo kinavyotanuka, sehemu 3.3 kwa kila milioni kwa kila digrii moja ya joto, wakati kioo cha kawaida cha dirisha kinatanuka karibu mara tatu ya hapo, ndo maana kikipata moto huku na baridi kule kinapasuka. Na kukipima we upo mahali penyewe hasa! Mimina mafuta safi ya alizeti kwenye bika, chovya kipande cha hicho kioo. Borosiliketi inakaribia kupotea machoni, unabaki unaitafuta, kwa sababu mwanga unapinda karibu sawa kwenye mafuta na kwenye kioo hicho (1.47 kote kuwili), ila kioo cha kawaida kiko 1.52 hivi na kingo zake zinaendelea kuonekana vizuri. Gilisarini ya duka la dawa nayo inafanya hivohivo. Muuzaji akikataa kuchovya mali yake mpya mwombe kipande kilichovunjika cha aina hiyohiyo, hawakosi.

Ile seti ya viungio vya kusagwa kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne mi sikushauri, hata kama inapendeza mezani. Kikivunjika kipande kimoja unaanza kutafuta saizi, we unayo 24/29 dukani ipo 19/26, haziingiliani, seti nzima inakaa kabatini. Nunua flaski yenye mkono pembeni ya mililita 500, kondensa ya Liebig (yenye bomba la ndani lililonyooka), na vizibo vya mpira vyenye tundu, na kwa kila kondensa chukua flaski mbili maana flaski ndo inakaa motoni na ndo inatangulia kufa. Vioo vingi huku vinatoka India (Ambala, jimbo la Haryana, ni mji uliojaa watengenezaji wa vifaa vya maabara) na China, na kote kuwili kuna vizuri na kuna vya hovyo, kwa hiyo nchi isiwe ndo kipimo chako. Kama manunuzi yenu yanapita NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao) tafadhali usimwachie mtu wa ofisi aandike tu "distilesheni seti 1". Andika mwenyewe aina ya kioo, ujazo, urefu wa kondensa, unene wa mkono wa flaski na saizi ya kizibo, la sivyo utaletewa chochote na huna pa kulalamikia.

Halafu tuulizane, hizo mbili zilipasukaje? Mara nyingi watu wanawasha moto kwanza, mvuke unaingia kwenye kondensa kavu, inapata moto, ndo mtu anakumbuka kufungua maji ya baridi. Tak! Maji yaanze, yaingie mdomo wa chini na kutokea wa juu ili koti (kioo cha nje kinachozunguka bomba la mvuke) lijae lote, ndo uwashe. Klampu ya chuma iviringishie kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli na usiikaze mpaka mwisho. Kwenye flaski tia vipande vidogo vya chungu kilichovunjika ili maji yasiruke ghafla, ila uvitie maji yakiwa ya baridi, ukitupia kwenye maji yanayokaribia kuchemka yanafumuka yote na kukuunguza. Usikeneke mpaka pakauke, na flaski ya moto usiiweke kwenye meza ya saruji yenye maji.

Kuhusu maji ya kupoozea ambayo najua huko ni machache, kukeneka lita 1 kunahitaji kama lita 27 ukiyaacha yapande joto digrii 20. Weka ndoo juu ya meza nyingine, maji yashuke yenyewe kwa mpira, ndoo ya pili ipokee, yakipoa yarudishe juu. Haya ya kupoozea hata yawe ya chumvi hayana neno. Maji ya mwanzo yanayotoka, kama mililita 50, mwaga, yanayofuata yapime kwa asidi ya naitriki kidogo na tone la silva naitreti. Yasipofanya ukungu ndo yako hayo.

SWALI: Mimi ni mtunza maabara Kilifi. Koti la kondensa limekuwa jeupe ndani, mipira ya maji imegoma kutoka na kuna chupa kizibo chake cha kioo kimenata. (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Hiyo ni chokaa, maji yenu yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Jaza koti siki nyeupe au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, simamisha kondensa, mdomo wa juu uuache wazi kwa sababu hewa inatoka humo, iache usiku kucha halafu suuza. Mchanga na stilwaya marufuku, mkwaruzo mdogo wa leo ndo ufa wa muhula ujao.

Mipira usiivute jamani! Watu wanavunja mdomo wa kondensa na kujikata kiganja hapohapo. Ipasue kwa wembe kwa urefu, utupe, uweke mipya, mpira ni rahisi kuliko kondensa. Kile kizibo, funga chupa kwa taulo, mwagia shingo maji ya moto kwa nje, gonga polepole kwa mpini wa mbao. Kama ndani kuna kemikali usianze kuhangaika nayo, na kama ilikuwa sodiamu haidroksaidi basi jua imekula kioo, siku nyingine iweke kwenye chupa ya plastiki au yenye kizibo cha mpira. Mkihitaji vipuri pigeni hodi SEPU Nairobi, shirika la serikali la vifaa vya shule, mwombe bei kabla ya kwenda kwingine.

SWALI: Themometa yetu mpya inasoma 94 na maji yanachemka kabisa. Ni mbovu? (Mwalimu, Mbeya)

JIBU: Hapana, msiirudishe. Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila mita 300 hivi zinapunguza digrii moja. Itie kwenye barafu inayoyeyuka, ikisoma 0 iko sawa, afu mkikeneka hakikisheni tumbo lake liko usawa wa ule mkono wa flaski, lisizame kwenye maji. Na ethanoli safi hapo kwenu itachemka kwenye 73 au 74, sio 78 ya kitabuni, kwa hiyo waambieni wanafunzi waandike walichosoma, na ethanoli ichemsheni ndani ya sufuria ya maji ya moto huku moto ukiwa umezimwa.